Hana jumuiya: kisa cha mwenyekiti wa kigango, daftari lake na mwezi wa Pasaka

Jumanne ya Oktava ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 2025, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alifariki alfajiri kwenye chumba cha kupanga jirani na mwalo, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, mwambao wa ziwa nje kidogo ya jiji la Mwanza. Alikuwa Mkatoliki, amebatizwa Ukerewe akiwa mtoto mchanga. Rozari yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Saa tatu asubuhi mwanawe, kijana anayefanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa, alikwenda kwa mwenyekiti wa kigango, yaani tawi la parokia, kuomba barua ili katekista aje kuongoza maziko. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akampa pole. Kisha akaingia ndani na kutoka na daftari. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja hadi mwisho wa ukurasa.

"Mama yako hana jumuiya, mwanangu. Ameandikwa, lakini hasali. Angalia mwenyewe."

Jumuiya ni kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kila wiki, na daftari lile ni la mahudhurio yao. Barua haikuandikwa. Bibi alizikwa Jumatano saa kumi jioni, bila katekista, bila maji ya baraka, bila kwaya. Mwanawe ndiye aliyeanzisha Baba Yetu, na wavuvi wenzake wakamwitikia. Waislamu waliokuwapo, na walikuwapo wengi kwa sababu mwalo hauna dini moja, waliinamisha vichwa mpaka akamaliza.

Kuna jambo moja zaidi la Jumanne ile ambalo haliniondoki. Jioni yake kengele ya kigango ilipigwa, waumini wakakusanyika kusali rozari kwa ajili ya Papa Fransisko, aliyekuwa amefariki Roma siku moja kabla, Jumatatu ya Pasaka. Mwenyekiti ndiye aliyeongoza rozari hiyo. Kutoka mlango wa kanisa hadi chumba alimolala bibi ni mwendo wa dakika tano.

Mimi ni mlei, si padre wala mtawa. Kazi yangu parokiani ni kuwaandalia semina viongozi wa jumuiya na vigango, na paroko aliniomba nikakae na uongozi wa kigango kile baada ya tukio. Ninayoyaandika hapa mwenyekiti ameyasoma. Aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Andika, mayu, lakini jina la kigango liache." Nimeliacha.

Kwaresima aliyoifunga

Wanaosikia kisa hiki kwa haraka humwita mnafiki. Mimi nakataa, na nina sababu.

Mzee huyu ni fundi mwashi, ana miaka 63. Sheria ya Kanisa ya kufunga humwachia mtu anapoingia mwaka wake wa sitini, kwa hiyo hakuwa na lazima. Alifunga. Tangu Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, hakugusa pombe. Kila Ijumaa aliongoza Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, akipanda kile kilima cha mawe nyuma ya kanisa kwa magoti yanayomuuma. Wiki ya tatu alimfuata mdogo wake, ambaye walikuwa hawasemezani miaka sita kwa ajili ya kiwanja, wakapatana, wakala pamoja. Alhamisi Kuu alikuwa mmoja wa wale 12 waliooshwa miguu parokiani. Aliniambia kwamba padre alipoinama na beseni, machozi yalimtoka asijue yametoka wapi.

Basi huyo ndiye mtu ambaye siku ya tano baadaye alikataa kuandika barua. Ukimwita mnafiki umemaliza kesi bila kujifunza lolote. Alifunga kwa moyo wote, na mfungo wake ulizaa matunda kila mahali ulipofika. Haukufika kwenye kiti cha uenyekiti. Alitubu kama ndugu, kama baba wa familia, kama mnywaji. Kama kiongozi hakutubu, kwa kuwa hakuona pa kutubia. Alichokuwa nacho pale hakikuwa na sura ya dhambi. Kilikuwa na sura ya wema, na kilikuwa na jina zuri: msimamo.

Hapo mimi nina deni langu. Jumamosi tarehe 22 Machi niliendesha semina ya Kwaresima kwa viongozi wa kanda nzima, na yeye alikaa mstari wa mbele na kalamu yake. Nilizungumza saa tatu. Nikagusa chakula, nikagusa simu, nikagusa pombe na masengenyo. Nilisoma hata Isaya 58, somo linalosomwa Ijumaa baada ya Majivu, lile linalosema mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula. Nikaeleza chakula kwa kirefu. Vifungo nikavipita. Sikuwauliza viongozi wale: katika uongozi wetu, ni nani tumemfunga? Wangenijibu, naamini. Yeye mwenyewe angenijibu, maana ni mtu wa kweli. Lakini swali halikuulizwa, na mwezi mmoja baadaye kijana alirudi mwaloni mikono mitupu.

Mwezi

Ili kuelewa daftari lile inabidi uelewe kwanza kazi ya dagaa.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Taa inawekwa majini, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Ili taa ifanye kazi lazima usiku uwe mweusi. Mwezi ukijaa, mwanga unatanda ziwa zima na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo mitumbwi ya dagaa inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, watu wanalala usiku kama watu wengine. Mwaloni lugha imegeuka: wakisema "kuna giza" wana maana kuna kazi na kuna pesa. Wakisema "kuna mwezi", mfuko ni mtupu na hata muuza chai anaanza kukopesha kwa shingo upande.

Sasa fikiria Pasaka inavyopangwa. Kanuni yake ya kale ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake kila mwaka, bila kukosa, Juma Kuu linaangukia kwenye mwezi mpevu au jirani yake kabisa. Mwaka 2025 mwezi ulijaa tarehe 13 Aprili, Jumapili ya Matawi yenyewe. Ndiyo sababu wavuvi wa dagaa hufurika kanisani Juma Kuu, na ndiyo sababu sisi wa nchi kavu huwa tunanong'ona: "Hao! Wakristo wa Pasaka." Nimenong'ona hivyo mimi mwenyewe, miaka mingi, nikiwa nimesimama mlangoni na vipeperushi vya mchango.

Na mchango ndio wenyewe. Tunawadai mchango wa Pasaka wiki ambayo hawana hata nauli ya kwenda mjini. Wiki mbili baadaye giza linarudi, pesa inarudi, lakini muda haupo tena, na sisi tunaandika kwamba hawaonekani. Wakiwa na muda tunawapima kwa pesa. Wakiwa na pesa tunawapima kwa muda.

Jumuiya za kigango kile husali Jumamosi saa moja asubuhi. Ni saa nzuri kwa fundi, kwa mwalimu, kwa mwenye duka. Mwaloni, saa moja asubuhi wakati wa giza, ndiyo saa mitumbwi inapanga foleni kushusha mzigo. Wanaume wamekesha. Wanawake wanapima ndoo, wanagombea bei, wanakimbiza beseni kwenda kuanika mchangani na kwenye vichanja, maana dagaa wasipopata jua la asubuhi mzigo unaanza kuharibika. Machi hadi Mei ni masika, mvua inaweza kushuka saa yoyote, na dagaa walionyeshewa ni hasara ya siku nzima. Yule bibi, kwa umri wake, bado alikuwa akianika kwa ujira, akikaa kando ya kichanja kufukuza kuku na kunguru.

Daftari

Ni daftari kubwa la jalada gumu, lile la karatasi mia nne, limefunikwa kwa gazeti na juu ya gazeti nailoni. Ndani, kila jumuiya ina kurasa zake. Majina yamepigiwa mistari kwa rula. Aliyefika anapata alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Asiyefika anapata alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Pembeni kabisa kuna safu ya michango. Hakuna mkwaruzo wala karatasi iliyokunjwa sikio. Nilipolishika mara ya kwanza niliona wazi kwamba mtu aliyelitunza hivi ana upendo ndani yake, hata kama upendo huo ulikuwa umepotea njia.

Nililiazima usiku wa Alhamisi. Nikaazima pia kalenda ya ukutani kutoka kwenye kibanda cha tajiri mmoja wa mitumbwi, ambaye huzungushia siku za mwezi mpevu kwa wino ili ajue lini vijana wake watapumzika. Nikaviweka viwili hivyo mezani, kando kwa kando.

Kuanzia Januari hadi kabla ya Jumamosi Kuu kulikuwa na Jumamosi 15. Bibi alikuwa na alama nyekundu 10 na za bluu tano. Za bluu zilikuwa tarehe 11 na 18 Januari, 15 Februari, 15 Machi na 12 Aprili. Kwenye kalenda ya tajiri duara zilikuwa katikati ya Januari, 12 Februari, 14 Machi na 13 Aprili. Nikahamia kwa jina lililofuata, mama mwingine wa vichanja. Ilikuwa hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo, na Januari alikosa mara moja tu pale ambapo mwenzake alifika. Rangi ya bluu ilikuwa ikijaa na kupungua pamoja na mwezi.

Daftari lilikuwa limeandika, kwa mkono wa mwenyekiti mwenyewe, kwamba watu hawa walikuja jumuiya kila walipoweza. Lilikuwa limewatetea muda wote huo, na hakuna aliyelisoma namna hiyo.

Jumamosi moja nyekundu ilinichoma zaidi: tarehe 29 Machi. Usiku wake haukuwa na mwezi, giza la kukata kwa kisu, na ukurasa wa jumuiya ya mwaloni ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini. Jumuiya husoma Injili ya Jumapili inayofuata. Injili ya tarehe 30 Machi mwaka huo ilikuwa Luka 15, mwana mpotevu, na kaka yake aliyekataa kuingia ndani kwa sababu yeye ametumika miaka yote bila kuvunja amri na hajapewa hata mwanambuzi. Walisoma habari ya kaka mkubwa, wakamaliza, wakafungua daftari.

Kile Kanisa linachosema hasa

Hapa sitakaa sana, lakini lazima lisemwe kwa sababu viongozi wengi wa walei wanaamini kwa dhati kwamba sheria iko upande wa daftari. Haiko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1176, inasema waamini wapewe maziko ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa: walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa wanaojulikana hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini, tena kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Penye shaka anaulizwa askofu. Katika orodha hiyo hakuna mahudhurio ya jumuiya wala mchango. Kanuni ya 1181 inaagiza kwa makusudi kwamba maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Ni kweli kanuni ya 222 inawadai waamini wote kulisaidia Kanisa kwa mahitaji yake, na mimi naifundisha. Lakini deni hilo halilipishwi maiti.

Barua ya jumuiya ilianza kama jambo jema: namna ya kumtambulisha mtu kwa katekista asiyemjua, katika mji unaokua haraka. Mikononi mwetu imegeuka cheti cha kufaulu.

Mwembeni

Ijumaa tarehe 25 nilikwenda. Tulikaa chini ya mwembe ulio nyuma ya sakristia, mimi, mwenyekiti, Mwalimu, yaani katekista, na mama mhazini ambaye kwa muda mrefu alisikiliza tu, macho yake kwenye kanga. Injili ya siku hiyo kila mwaka ni Yohane 21, wanafunzi waliovua usiku kucha wasipate kitu. Mwalimu alitaka tuanze kwa kuisoma. Nikamwomba tuisome mwishoni, maana niliogopa tungejificha nyuma yake.

Niliweka daftari na kalenda juu ya benchi. Sikusema mengi. Nilimwonyesha mwenyekiti jina la bibi, kisha duara ya Februari, kisha duara ya Machi. Ni fundi, anajua kusoma vipimo. Alielewa kabla sijafika Aprili.

Hakulainika. Kusema kweli alikasirika.

"Kwa hiyo kila mtu aje anapotaka? Mayu, wewe unakuja na semina halafu unaondoka. Hapa wapo wanaokuja wakiwa na harusi tu. Wapo wanaojua njia ya kanisa siku wana maiti. Paroko aliyepita alituambia wenyewe: wabaneni. Nimewabana. Hili kanisa lina mabati kwa sababu niliwabana."

Kisha akanyoosha mkono kwenye msingi wa kanisa. "Hayo mawe nimeyapasua mimi. Moto na nyundo, miezi minne. Nikiachia, nani atashika?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa chini ya mengine yote. Nakiri lilinigusa, kwa sababu ni la kweli kwa nusu. Alipasua mawe. Alikaa usiku na saruji isiibwe. Amechaguliwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo hakuna mtu mwingine aliyekubali kuchukua fomu. Mtu akibeba kitu miaka mingi namna hiyo, siku moja kinambeba yeye, asijue ni lini mambo yaligeuka. Papa Fransisko alipozungumza na wasaidizi wake wa Vatikani tarehe 22 Desemba 2014 alitaja magonjwa 15 ya watumishi wa Kanisa, na la kwanza kabisa lilikuwa hili: kujiona huna kifo, hudhuriki, na kwamba bila wewe mambo hayaendi. Tulikuwa tumemsalia rozari siku nne mfululizo. Nilimwambia mwenyekiti hivyo, kwa upole kadiri nilivyoweza. Hakujibu.

Aliyejibu ni mama mhazini. Alinyanyua uso akasema, "Mzee, mimi Jumanne nilikuwa uani kwako. Nilisikia yule kijana akiomba. Nikanyamaza kwa sababu nakuogopa. Na mimi ni mhazini wako miaka saba."

Pale ndipo mzee aliposhika kichwa.

Naona katika neno hilo la mama kuna kipimo kizuri kuliko semina zangu zote. Wapo viongozi wanaopendwa na Mungu, wanaofunga, wanaolia wakioshwa miguu, lakini walio karibu nao zaidi wananyamaza kwa hofu. Kwaresima ya kiongozi ingeanzia hapo: kumwuliza mhazini wako, katibu wako, mke wako, ni jambo gani uliliona na ukaogopa kuniambia.

Tulisoma Injili, tukaagana bila kukubaliana lolote.

Siku zilizofuata

Jumamosi tarehe 26 Papa alizikwa. Kwa saa zetu Misa ilianza saa tano asubuhi, na watu wa kigango waliitazama kwenye luninga ya dukani. Wengi walikumbuka umati na viongozi wa mataifa. Mwenyekiti alikumbuka mwisho wake: jeneza lilipofika Basilika ya Bikira Maria Mkuu, waliokuwa wakilisubiri kwenye ngazi ni kundi la maskini, wafungwa na wahamiaji, kila mmoja na waridi jeupe mkononi. "Hao nani aliwaandikia barua?" aliniuliza baadaye kwenye simu, na hakuwa akingoja jibu.

Paroko alitaka aombe msamaha kanisani, Jumapili ya Huruma ya Mungu, mbele ya wote. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sahihi. Aliyekosewa hakuwapo kanisani, alikuwa ziwani, giza lilikuwa limekolea. Toba ya mimbarini ingemrudisha mzee katikati ya kila kitu, safari hii kama mtubu mashuhuri. Paroko alifikiri kwa muda, akakubali.

Jumatatu tarehe 28, saa moja kasoro asubuhi, mwenyekiti alishuka mwaloni peke yake, amevaa viatu vyake vya Jumapili. Mtumbwi wa kijana ulikuwa ndio unaingia. Akamsogelea, akamwambia, "Nimekuja kukuomba msamaha kwa ajili ya mama."

Kijana akasema, "Sawa, mzee. Ngoja nishushe mzigo."

Akaendelea kushusha. Mzee akasimama. Hakuna aliyempa kiti, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjua. Alisimama zaidi ya saa nzima na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya uenyekiti wake akaona kwa macho saa ile anayoiandika kwa wino mwekundu. Wanawake waliingia majini hadi kiunoni kupokea ndoo. Watoto waliookota dagaa waliodondoka walifukuzwa, wakarudi. Kisha wingu likatokea upande wa visiwani, na mama mmoja wa vichanja, ambaye jina lake liko katika daftari ukurasa uleule wa bibi, akampigia kelele bila kumtazama usoni: "Baba, shika turubai hapo!" Akashika. Mvua ikapita juu yao, yeye ameng'ang'ania pembe ya turubai, viatu vimejaa mchanga na magamba.

Mvua ilipokatika kijana alikuja, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Mzee akasema alichokuja kusema. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alikuwa akiweka noti ya elfu mbili kwenye Biblia kila giza, ili mwezi ukijaa awe nayo ya mchango. Imo bado." Akainuka akaenda kulala.

Yaliyobadilika

Baadhi ni ya utaratibu na nitayapita upesi. Barua ya maziko sasa inaandikwa na kiongozi yeyote wa jumuiya, na hakuna daftari linalofunguliwa mbele ya mfiwa. Mwalimu anakwenda kwanza, maswali baadaye. Mchango wa Pasaka kwa watu wa mwaloni unapokelewa hadi Pentekoste, siku 50, ndani yake giza linapita walau mara moja.

Kubwa ni jumuiya ya mwaloni. Imehamia Alhamisi saa tisa alasiri, wakati walioanika wamekusanya na waliolala wameamka na mitumbwi haijatoka. Inasaliwa palepale, chini ya banda la kushonea nyavu. Anayeiongoza ni yule mama wa turubai. Hili la kuongoza ndilo lililomgharimu mwenyekiti kuliko magoti ya Njia ya Msalaba. Siku ya kwanza, Alhamisi ya Mei Mosi, alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama alianza wimbo chini mno, na nikaona koo la mzee likicheza. Akaanza kuuinua yeye. Kisha akanyamaza katikati ya neno, akasubiri, mama akaupata mwenyewe.

Injili iliyosomwa ilikuwa ya Jumapili tarehe 4 Mei: Yohane 21 tena, safari hii ndefu, pamoja na Yesu akimwuliza Petro kama anampenda. Waliposoma kwamba walivua usiku kucha wasipate kitu, mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye sijawahi kumsikia akisema kanisani, akasema: "Si ilikuwa wiki ya Pasaka hiyo? Kulikuwa na mwezi. Wangepata wapi?" Banda zima likacheka, na baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu usiku wa kurudi mtupu. Nimesoma Injili hiyo miaka mingi. Sikuwahi kuisikia ikisomwa na watu wanaoijua kazi.

Nisiseme uongo kwamba mzee amekuwa mwingine. Julai alimfokea kijana wa kwaya kwa kuchelewa, ikabidi amfuate nyumbani. Daftari bado analo. Sikumwomba alichome, na nisingependa lichomwe. Kalamu nyekundu, mama mhazini ameichukua.

Arobaini ya bibi iliangukia Jumamosi tarehe 31 Mei. Misa iliwekwa saa tisa alasiri kwa sababu ya giza. Paroko alibariki kaburi. Mwanawe alikuja, suruali imelowa hadi magotini, akasimama nyuma. Hajaja kanisani tena tangu siku hiyo, na mwenyekiti hajamwuliza.

Mara ya mwisho niliposali nao bandani, kijana alikuwa akishona wavu hatua kama ishirini kutoka tulipokaa. Tulipofika kwenye maombi ya marehemu, mwenyekiti alilitaja jina la bibi kutoka kwenye ndoo yake. Mkono wenye sindano ya nyavu ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.